Skafu ya Mwalimu Mbwambo

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya kale kiasi hicho, maana mwalimu aliyetumbukia shimoni yu hai mpaka leo, na mvua ikitaka kunyesha mguu wake hujua kabla ya mawingu. Sogeeni basi. Mwenye karanga atafune kimyakimya. Na msije mkasema sikuwaonya: mwishoni mimi sitatoa jibu, mimi nitadai jibu.

Palikuwa na skauti wanne wa shule moja huko milimani Upareni. Awali walikuwa wengi zaidi, lakini mahindi yalikuwa yameiva na wazazi wakasema mtoto atavuna kwanza, uskauti baadaye. Wakabaki wanne.

Wa kwanza ni Nakunda, na huyu ndiye tutakayetembea naye. Nakunda alikuwa mkuu wa doria, ndiyo kusema kinara wa hao wanne, na alikuwa mtii. Akiambiwa simama, alisimama. Akiambiwa kaa, alikaa, hata pakiwa na siafu. Sheria za skauti alizijua kwa kwenda na kwa kurudi, na mdogo wake alimsikia akizitaja usingizini.

Wa pili ni Kirumbe. Kirumbe alikuwa mlafi. Shuleni alijua ni nyumba gani inapika nini kwa kunusa tu, na akikaa mbali na jiko aliumwa kichwa.

Wa tatu ni Elinami. Mikono ya Elinami haikutulia. Kilichofungwa alikifungua, kilichosimama alikiegemea, na kila alipopita kitu fulani kilibaki kimelegea.

Wa nne ni Zaituni. Zaituni alikuwa mwongo. Si uongo wa kumdhuru mtu, la. Kwake uongo ulikuwa chumvi. Bila huo maneno hayakumnogea. Ukimuuliza amekula nini, alikula pilau. Ukimuuliza nani aligonga mlango, aligonga askari.

Na kiongozi wao alikuwa Mwalimu Mbwambo, mtu mnene, mwenye moyo mwema na filimbi shingoni, aliyeamini kwamba hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa fundo zuri.

Basi Ijumaa jioni wakapanda mlima Ngofi, wakapiga kambi kwenye uwanja wa nyasi pembeni ya msitu. Wakapanga mawe kuzunguka kambi yote kuwa mpaka. Wakasimamisha hema la kulala wasichana, hema la kulala wavulana, hema la Mwalimu, na hema la vyakula. Wakaketi. Mwalimu akaingiza mkono mfukoni, akatoa skafu. Ilikuwa ya kijani, ina ukingo wa rangi ya dhahabu, na ilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Mnaiona hii?" akasema. "Mkoa umetupa nafasi moja ya jambori, ule mkutano mkubwa wa skauti wa taifa zima. Moja tu. Atakayevaa skafu hii Jumapili ndiye atakayekwenda. Nami nitamtazama kila mmoja wenu, anavyofanya kazi, anavyosema, anavyosaidia. Skauti bora ndiye atakayevaa."

Kirumbe alisikia kwamba jambori watu hula wali asubuhi na jioni. Elinami alisikia kwamba kuna daraja la kamba linaloning'inia juu ya mto. Zaituni alijiona akirudi na habari za kusimulia mwaka mzima, tena za kweli. Na Nakunda? Nakunda hakuwahi kuvuka mji wa Same. Kila siku alisimama kilimani akayaona mabasi bondeni, madogo kama punje za maharage, yakienda asikokujua. Alipoiona skafu ile, akajiambia moyoni: kesho sitakosea hata kitu kimoja.

Kesho ikafika. Jumamosi asubuhi makande yalikuwa tayari kwenye sufuria kubwa ndani ya hema la vyakula, yamefunikwa, yanangoja watu wanawe mikono. Ndipo hema likainama. Liliinama taratibu, kama bibi anayetafuta sindano, halafu likalala chini, likalalia sufuria, na makande yote yakamwagika kwenye matope.

Kirumbe akapiga yowe kama aliyefiwa.

"Nani alifunga kamba za hema hili?" Mwalimu Mbwambo akauliza.

Nakunda akanyoosha mkono. Ndiye aliyezifunga jana yake, akazivuta, akazijaribu kwa mguu. "Ni mimi, Mwalimu."

"Ile kamba kubwa iko wapi?"

"Sijui, Mwalimu. Jana ilikuwepo."

Elinami alikuwa anatazama ndege juu ya mti. Hapakuwa na ndege. Kamba kubwa ilikuwa nyuma ya kambi, kwenye mti wa pili ndani ya msitu, imekwisha kuwa bembea. Aliifungua alfajiri, akasema nitabembea kidogo tu kisha nitairudisha. Sasa alikuwa anasubiri ujasiri umjie aseme. Ujasiri ulichelewa.

"Mkuu wa doria anapoteza kamba!" Mwalimu akatikisa kichwa. "Basi, Nakunda, leo mchezo wa kufuata alama hutacheza. Utalinda moto. Usivuke mawe haya mpaka mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikuambie vuka. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na nyie wengine, kamba zilizobaki zileteni hapa. Nyie hamstahili kamba." Akazikusanya zote, akazitia kwenye mkoba wake.

Nakunda akaketi karibu na moto. Macho yalimwasha, akasingizia moshi.

Njaa nayo haina adabu. Mwalimu akamtuma Zaituni kwa Mama Sechambo, mwanamke aliyekuwa na shamba chini ya kambi, upande wa pili wa kijito, akaombe ndizi kwa heshima. Zaituni akashuka. Njiani akafikiri: nikisema tumemwaga chakula, atatuona wazembe. Akafika, akapiga hodi, akasema, "Shikamoo mama. Mwalimu wetu yu mahututi. Tangu jana hajala wala hajasema. Amefumbua jicho moja tu, akanong'ona: ndizi."

Mama Sechambo alikuwa mtu wa huruma. Akampa mkungu wa ndizi mbivu na vipande vya tangawizi, akamwambia tangulia. Yeye mwenyewe akapika uji, akaumimina kwenye chupa ya chai, akajitanda khanga, akaupanda mlima huku anahema ili amwone mgonjwa. Akamkuta mgonjwa amevaa kaptura, anarukaruka mazoezi, anapuliza filimbi.

"Mwalimu, umepona lini?" akauliza.

Mambo yakajulikana. Mwalimu akaomba radhi mpaka jasho likamtoka. Mama Sechambo akamgeukia Zaituni. "Wewe binti, siku nyingine ukiniambia jua linawaka, nitatoka nje nilitazame kwanza." Akachukua chupa yake, akashuka, na uji wake ndani.

Baada ya hapo Mwalimu akachukua mkoba wake wa kamba, akaingia msituni kwenda kuweka alama za mchezo. Aliacha amri: asibanduke mtu mpaka filimbi ilie. Wakangoja. Jua likasogea. Filimbi haikulia.

Kirumbe akaanza kuumwa kichwa. Ndizi zilikuwa zimekwisha, na upepo ulikuwa unamletea harufu asiyoweza kuivumilia. Akamwambia Nakunda, "Naenda kujisaidia," akavuka mawe, akapita msituni moja kwa moja mpaka shamba la miwa la Mama Sechambo. Kila mlafi na bahati yake: akavunja muwa, akautafuna, akavunja mwingine, akaanza kurudi kwa njia ya juu asionekane. Ndipo akasikia ardhi inaguna.

Akasimama. Ardhi ikaguna tena, ikasema, "Jamani!"

Palikuwa na shimo. Zamani watu walichimba hapo wakitafuta vito, wakakosa, wakaondoka bila kufukia. Majani yakafunika mdomo wake. Mwalimu Mbwambo alikuwa anarudi nyuma akitazama alama yake kama imekaa sawa, na nyuma kulikuwa na shimo.

"Nani huko juu?" sauti ikauliza kutoka chini.

Kirumbe alikuwa na muwa mkononi na sukari kidevuni. Akaibana sauti, akaifanya nzito. "Ni mpita njia tu, mzee wangu."

"Mpita njia, Mungu akubariki! Mguu wangu umevunjika, na bega limetoka. Filimbi imekatika kamba, siioni. Mvua ikinyesha shimo hili litajaa. Kimbia kambini, waambie vijana wangu!"

"Sawa, mzee," akasema mpita njia, akatupa miwa, akakimbia mbio ambazo hajawahi kukimbia kwa jambo lisilo chakula.

Alipofika kambini alikuwa hawezi kusema. Alipokwisha kueleza yaliyotokea na shimo liliko, Elinami akawa wa kwanza kuruka. "Kamba! Tutamtoa kwa kamba!"

"Kamba zote anazo yeye shimoni," Nakunda akasema.

Elinami akamtazama Nakunda, akatazama chini. "Ipo moja," akasema. Akaingia msituni, akarudi na ile kamba kubwa, bado ina kipande cha ubao cha kukalia.

Nakunda akaitazama kamba. Angekuwa na nafasi, angesema mengi.

"Twende!" Zaituni akasema. "Nakunda, njoo! Mwalimu ni mzito, tuwe wanne."

Nakunda akafika kwenye mawe, akasimama. "Nimeambiwa nisivuke mpaka aniambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Mdomo wenyewe uko shimoni!" Elinami akafoka.

"Ndiyo. Kwa hiyo haujaniruhusu."

"Nakunda, wewe una kichaa?"

"Nendeni! Mnapoteza wakati. Kirumbe na Elinami waende shimoni. Zaituni akamwite Mama Sechambo na wanawe, wao wana nguvu kuliko mimi. Mimi nitatunza moto. Akitoka atakuwa na baridi."

Wakaenda. Nakunda akabaki, na sasa nitawaambia kitu ambacho hakumwambia mtu siku ile. Waliposhika njia, aliweka mguu mmoja nje ya mawe. Akausimamisha hapo. Akafikiria bega la Mwalimu. Akafikiria shimo. Halafu, bila kutaka, akafikiria skafu ya kijani, na ile sauti ikisema nitamtazama kila mmoja wenu. Akaurudisha mguu ndani. Na tangu dakika ile hakujua tena aliurudisha kwa ajili ya nini.

Mvua ikaanza.

Yaliyotokea kule Nakunda hakuyaona. Alisimuliwa baadaye na kila mmoja, na kila mmoja akiongeza la kwake. Lakini yote yalipopimwa yalikuwa hivi.

Shimoni, maji yalikuwa yanatiririka kutoka juu na kumwagikia Mwalimu. Wakamtupia kamba. Akajaribu kujifunga kwa mkono mmoja, ikamshinda. Basi Elinami akaizungusha kamba kwenye mti, akampa Kirumbe ncha yake aishike, akashuka mwenyewe shimoni. Akakuta maji yamefika kwenye mapaja, Mwalimu anatetemeka, meno yanagongana. Akamfunga kifuani kwa fundo lile lile alilofungia bembea, fundo lisiloteleza hata ukirukaruka juu yake. Kirumbe akavuta. Mwalimu akanyanyuka kidogo, akakwama hapo. Kirumbe hakuweza kumpandisha, hakuthubutu kumwachia. Akajifunga kamba kiunoni, akakumbatia mti, akabaki hivyo mvua ikimpiga, huku ngozi ya viganja inamtoka.

Zaituni alikuwa amefika kwa Mama Sechambo, amelowa, pumzi zinamkatika. "Mama! Mwalimu wetu ameanguka shimoni! Anakufa!"

Mama Sechambo alikuwa barazani anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa. "Mwambie afumbue jicho moja, aseme ndizi."

"Mama, naapa! Safari hii ni kweli!"

"Na ile ya asubuhi ilikuwa nini?"

Zaituni akalia. Akapiga magoti. Akasema kweli kwa namna zote alizozijua, na namna zenyewe zilikuwa chache maana hakuzizoea. Wana wawili wa Mama Sechambo wakacheka, wakasema binti huyu anafaa kwenye maigizo. Ndipo Zaituni akafuta machozi, akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepita tu:

"Haya. Basi na wale wanaoiba miwa yako kule juu waache waibe."

Ungo ukaanguka. Maharage yakatawanyika. Mama Sechambo alikuwa ameshika mpini wa jembe kabla Zaituni hajamaliza kusema, na wanawe wakamfuata kwa panga na marungu. Wakapanda kama moto wa kiangazi. Zaituni mbele, "Huku! Huku! Nimewaona!" mpaka shimoni.

Wakamkuta Kirumbe amekumbatia mti, na pembeni yake, kwenye nyasi, miwa iliyotafunwa nusu.

"Mwizi!" Mama Sechambo akainua mpini.

"Nipige baadaye, mama!" Kirumbe akalia. "Nikiachia atazama!"

Na kutoka chini sauti ya Mwalimu Mbwambo, dhaifu, yenye adabu hata pale: "Mama Sechambo, shikamoo tena."

Mpini ukashuka. Wanaume wale wakaishika kamba, wakavuta, Mama Sechambo naye akavuta, na Mwalimu akatoka kama gunia la mihogo kutoka mtoni. Kisha wakamtoa Elinami.

Je, yamekwisha? Hayajaisha. Mvua ilipopungua ukungu ukashuka, na ukungu wa Ngofi humfanya mwenyeji kuwa mgeni. Walimbeba Mwalimu kwa machela ya khanga na miti, wakaifuata njia, njia ikapotea. Kijana wa Mama Sechambo akasema ni kushoto. Ndugu yake akasema ni kulia. Wakaenda mbele. Na huko mbele, kama mjuavyo wenyeji wa milima ile, kuna genge, poromoko la mwamba, na chini ya genge hakuna mtu aliyewahi kwenda akarudi kusimulia.

Kambini, Nakunda aliona ukungu ukiimeza miti mmoja mmoja. Moto alikuwa ameufunika kwa mabati ya madebe ya mafuta, unawaka. Maji yalikuwa yanachemka. Tangawizi alikuwa ameiponda. Akawaza: watarudije? Moshi hauonekani. Akalichukua lile sufuria kubwa la makande, likiwa tupu, akachukua mwiko, akalipiga. Akapiga. Mikono ikauma, akabadilisha mkono, akapiga. Sauti yenyewe ilikuwa mbaya mno, kama ng'ombe anayegonga geti, lakini ilikwenda mbali.

Kule kwenye ukungu Kirumbe akasimama ghafla. "Hilo ni sufuria la makande," akasema. "Nalijua. Liko nyuma yetu."

Wakageuka. Aliyekuwa mbele kabisa akasogeza jiwe kwa mguu, na jiwe likaanguka, wakangoja kusikia mlio wake chini, wakangoja sana.

Basi wakarudi kwa sauti ya sufuria. Mwalimu akawekwa karibu na moto, akanyweshwa chai ya tangawizi kwa kijiko, akarejewa na rangi yake. Alipoweza kusema, alimwona Nakunda amesimama palepale ndani ya mawe.

"Nakunda," akasema, "vuka."

Nakunda akavuka mawe, akakaa chini nje ya mpaka, akalia kwa sauti.

Jumapili mchana gari lilikuwa limekuja kumchukua Mwalimu kwenda hospitali, limesimama chini barabarani linangoja. Mwalimu alikuwa ameegemezwa kwenye begi, mguu umefungwa katikati ya vijiti, mkono umetundikwa shingoni. Skafu ilikuwa mapajani mwake. Mama Sechambo alikuja kuaga, akaketi.

"Kwanza," Mwalimu akasema, "tumtafute yule mpita njia. Bila yeye ningekufa."

Kirumbe akakohoa. "Mwalimu, mpita njia ni mimi." Akasimulia yote, na miwa akaitaja, na harufu yake akaitaja kwa urefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Ningekaa kambini kama ulivyosema, nani angekusikia? Na viganja vyangu hivi hapa. Nilivunja amri yako, lakini sikuiachia kamba."

Elinami naye akasimama. "Kamba niliiba mimi. Hema niliangusha mimi. Nakunda aliadhibiwa, nikanyamaza. Hilo ni baya, najua. Lakini ingekuwa mahali pake, Mwalimu, ungeichukua na zile nyingine, ungekuwa nayo chini. Na aliyeshuka shimoni ni mimi. Nilidhani sitatoka."

"Usingeiba," Nakunda akasema polepole, "makande yasingemwagika. Kirumbe asingekuwa na njaa."

"Basi na mimi nisingekwenda kwenye miwa," Kirumbe akadakia, "na Mwalimu angekuwa shimoni mpaka leo! Unaona, Nakunda? Hata njaa yangu unasema ameifanya Elinami. Usimsifu sana!"

Mama Sechambo akaficha kicheko kwenye khanga.

Zaituni akasema, "Mimi nilidanganya mara mbili. Uongo wa kwanza uliniharibia kweli yangu. Wa pili ndio uliowaleta watu."

"Wa pili haukuwa uongo," Mama Sechambo akasema. "Miwa yangu iliibiwa kweli."

"Mimi sikujua, mama! Nilikusudia kudanganya."

"Kwa hiyo ulisema kweli kwa nia ya uongo," Mwalimu akasema, akajishika kichwa kwa mkono mzima.

"Nilipiga magoti nikasema kweli, hakuna aliyesimama. Ningeendelea na ukweli wangu mpaka saa ngapi?"

Mwalimu akamgeukia Nakunda. "Na wewe?"

Nakunda alikuwa ameitunga hotuba yake usiku kucha. Ilikuwa nzuri. Aliadhibiwa bila kosa, hakulalamika. Aliambiwa asivuke, hakuvuka. Moto haukuzimika, na sufuria lake liliwarudisha watu kutoka kwenye genge. Akafungua mdomo.

"Ningekuwa nimevuka," akasema, "pasingekuwa na wa kulipiga sufuria." Hapo ndipo hotuba ilipaswa kuendelea. Akaitazama skafu. "Lakini wakati ule sikujua habari ya ukungu. Nilijua wewe uko shimoni tu."

"Kama Mama Sechambo asingekuja," Mwalimu akauliza, "ungevuka?"

"Sijui."

"Ulibaki kwa sababu nilikuambia?"

"Ndiyo. Na kwa sababu niliitaka hiyo." Akaonyesha kwa kidevu. "Vyote viwili, Mwalimu. Nimejaribu kuvitenganisha, vimenishinda."

Mwalimu Mbwambo akamtazama Mama Sechambo. "Mama, ungekuwa wewe?"

"Mimi? Mimi naona huyu mlafi ndiye aliyekumbatia mti. Lakini mimi ndiye niliyeibiwa miwa, sasa nikimpa zawadi, kesho shamba lote litaliwa." Akafikiri. "Yule wa kamba alishuka shimoni. Mwanangu mimi asingeshuka. Lakini aliyemwacha mwenzake aadhibiwe asubuhi, nitamwamini vipi jioni? Binti mwongo, huyo ndiye aliyenitoa barazani. Na huyu wa sufuria..." akamtazama Nakunda. "Huyu wa sufuria ni mtu wa kweli. Ila ningekuwa mimi niko shimoni, nisingependa awe yeye peke yake kambini."

"Hujanisaidia, mama."

"Mwalimu, hata wewe. Unawafundisha watoto waende wawiliwawili, halafu unaingia msituni peke yako, tena kinyumenyume!"

Mwalimu akacheka mpaka mguu ukamuuma, akaacha. Chini barabarani dereva akapiga honi ndefu. Wale wanne wakasimama mstari, wamenyoosha mgongo, kila mmoja amefungua kola yake, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwalimu akaikunjua skafu kwa mkono wake mmoja mzima.

Aliivisha shingo moja. Mimi najua ni ipi, na huko Upareni kila mtu anaijua, na mpaka leo kwenye harusi na kwenye misiba watu wakimaliza kula huanza ubishi huo, ndugu kwa ndugu, na wako wasiosalimiana kwa ajili yake.

Lakini sisi hatujafika huko. Honi imelia, shingo nne ziko mbele yenu, skafu ni moja na haichaniki. Kuna mlafi aliyevunja amri akaisikia sauti, na hakuiachia kamba. Kuna aliyeiba na kunyamaza, kisha akashuka palipokuwa na kifo. Kuna mwongo ambaye kweli yake haikumwokoa mtu. Na kuna mtii aliyemwacha mwalimu wake shimoni, akawarudisha wote kutoka gengeni, na hajui alifanya kwa ajili ya nani.

Wewe unayetafuna karanga, anza wewe. Je, nani alistahili?